Hoteli ya Ndugu Watatu

Amefariki yule bibi wa hoteli. Ujumbe ulinifikia Edgware Road, hapa London, nikiwa nimeshateremka kwenye basi kabla ya kituo changu, kwa sababu foleni ilikuwa haisogei na mimi, kama mnavyonijua nyinyi mnaosoma safu hii, sina kifua cha kukaa ndani ya kitu kisichosogea. Nilisimama mbele ya mkahawa mmoja wa Kiarabu, nikausoma ujumbe mara ya pili, kisha nikaanza kutembea bila kujua naelekea wapi. Nilipoinua kichwa nilijikuta chini ya dirisha la ofisi yake, chumba kimoja juu ya mkahawa wa aina hiyo hiyo, na pazia limefungwa. Sikuwa ndugu yake, wala sikuwa rafiki wa kuingia mpaka jikoni kwake. Nilikuwa mteja tu aliyezoea kupanda juu kuzungumza. Lakini tangu siku ile sijatulia, na kinachonisumbua si kifo chenyewe, maana kifo ni cha wote. Kinachonisumbua ni hoteli moja ambayo hakuwahi kulala ndani yake.

Marehemu alizaliwa Unguja. Aliondoka akiwa msichana, baada ya Mapinduzi, akahangaika huku na kule mpaka akatua London, na kazi aliyoishia nayo ilikuwa kuwatafutia watu hoteli za pwani ya Italia. Kwa nini Italia? Nilimuuliza siku moja. "Kwa sababu kuna jua, kuna samaki, na chooni kuna maji," alinijibu. "Watu wetu wakishasikia habari ya maji chooni, hayo mengine tunaelewana." Wateja wake walikuwa Wazanzibari na watu wa Mombasa, wauguzi wa Kikenya waliochoshwa na zamu, Wahindi wa Stanmore waliozaliwa Kampala na Kisumu, na mara moja moja wageni wa Kiomani waliokuja London kupunga upepo wakakuta upepo wenyewe haupungiki.

Ukimwambia unataka hoteli ya ufukweni, hakukimbilia kukuonyesha picha. Alikuuliza kwanza unakwenda na nani, na nani kati yenu anaamka mapema. Wenye watoto wadogo aliwapeleka upande wa mashariki, kwenye bahari ya Adriatiki, ambako mchanga ni tambarare na mtoto anaweza kwenda mbali maji bado yako magotini. Waliooana karibuni aliwapeleka Amalfi, kwenye majabali, akisema kwamba ngazi hazimchoshi mtu aliyeshikwa mkono. Lakini ole wako umwombe Amalfi na huku unasafiri na mama mzazi. Aliyetaka kimya alipelekwa Puglia, kwenye nyumba za zamani za wakulima zilizogeuzwa hoteli, ila baada ya kuulizwa kama anajua kuendesha gari, kwa kuwa huko bila gari utakaa uwatazame mbuzi mpaka likizo iishe. Maneno "chumba kinachotazama bahari" hakuyaamini hata kidogo. Alifungua ramani akatafuta kwanza reli, maana pwani nyingi za kule treni hupita baina ya kitanda chako na maji. Mimi alinitazama nikizungukazunguka chumbani mwake, nikigusa hiki na kuinua kile, akasema, "Wewe nikikulaza ufukweni utakufa kwa kuchoka kupumzika." Akaniweka Liguria, hoteli iliyo karibu na stesheni, ili kila asubuhi nipande treni niteremke kijiji kingine. Mke wangu, ambaye raha yake ni kulala kivulini na kitabu, alikuwa hanioni mpaka jioni, na kwa maelezo yake mwenyewe ndiyo likizo bora tuliyopata kuwa nayo.

Lakini kulikuwa na jibu moja lililomtoa jasho: "Popote tu." Sisi watu wa pwani tumelelewa hivyo. Ukiulizwa chai au kahawa, unasema chochote. Ukiulizwa utakaa wapi, unasema hapa hapa panatosha, hata kama ni mlangoni na baridi inakupiga mbavu. Kusema nataka ni uroho, kusema sitaki ni utovu wa adabu, kwa hiyo haja zetu tunazipitisha kwa wengine: baba ndiye asiyependa ngazi, lakini utamsikia akisema mama watoto hawezi ngazi. Ilimjia familia moja ya Mombasa inayokaa Wembley, vizazi vitatu, na kila mmoja anasema popote tu mradi bibi afurahi, na bibi mwenyewe anasema popote tu mradi watoto wafurahi. Marehemu akawatoa wote nje, akawa anawaita ndani mmoja mmoja, anafunga mlango, anamimina chai, anauliza: "Haya, saa kumi alasiri. Umeshaswali, umeshapumzika. Umekaa wapi, na unatazama nini?" Yule bibi, ambaye ukoo mzima ulikuwa unamtafutia chumba kinachotazama maji, alinong'ona, "Mwanangu, bahari nimeiona tangu kuzaliwa. Mimi nataka kuona watu wakipita."

Akawapa hoteli ya barabara ya pili kutoka ufukweni, yenye viti nje ya mlango. Bibi alikaa pale na leso zake likizo nzima, ubavuni mwake wamekaa vikongwe wawili wa Kitaliano, hawana lugha moja wanayojua wote, na hakupita mtu mbele yao ambaye mavazi yake hayakujadiliwa. Wanawe kwa upande wao walikwenda ufukweni na mkeka na sufuria ya biriani, wakatandika mbele ya safu ya kwanza ya miavuli, pale pale ambapo watu wamelipa ili wasione kitu kingine ila maji. Msimamizi wa ufuo akaja juu, anapiga kelele na kurusha mikono, na wao, kwa kuwa hawakumwelewa, wakamkaribisha chakula. Tangu hapo marehemu alikuwa hamwachi mteja atoke ofisini bila kumwambia kwamba ufuo wa kule una wenyewe na sufuria ibaki London. Alipokuwa akinisimulia alicheka mpaka akafuta machozi.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Walikuwa ndugu watatu, na yeye ndiye mziwanda. Mapinduzi yaliwatawanya. Kaka yao mkubwa yuko Maskat, na aliapa hatakanyaga tena Unguja. Dada yao alibaki Unguja, akaolewa huko, akawazika wazazi wao peke yake, naye akaapa kwamba hatakwenda kuwa mgeni wa mtu asiyetaka kuiona nyumba waliyozaliwa. Tangu walipoachana hawakuwahi kukaa watatu mahali pamoja. Marehemu alikuwa katikati, anampigia simu huyu, anampigia yule. Daktari alipomwambia kwamba moyo wake hauko sawa, alijiwekea nia moja: kabla hajafa, wakae watatu mbele ya bahari, katika nchi isiyo ya yeyote kati yao. "London mie nakaa ghorofa ya tatu, hakuna lifti, na magoti yao hayo," aliniambia. "Na hapa watasema wamekuja kwangu. Huko Italia hakuna wa kumwambia mwenzake nimekuja kwako."

Akafungua kikundi cha watatu kwenye simu, akawa anatuma picha. Alipotuma hoteli ya Adriatiki, kaka akasema ni nzuri, ila dada yako hatastahimili kelele za watoto. Alipotuma ya Puglia, dada akasema mashaallah, lakini huko shambani kaka yako atapata wapi msikiti? Sisilia jua lingemdhuru dada, kwa mujibu wa kaka. Sardinia upepo ungemuumiza kaka, kwa mujibu wa dada. Kiangazi kikapita, kikaja kingine, nacho kikapita. Nilikuwa nikipanda kule juu namkuta anasogeza picha kwa kidole, chai imepoa mbele yake, na siku moja uvumilivu ukanishinda. "Waulize kama unavyowauliza wateja," nikamwambia. "Mmoja mmoja. Wao wenyewe wanataka nini?"

Alinitazama kama niliyemtukania wazazi. "Wale wakubwa zangu," akasema. "Kaka ndiye aliyenilea. Nimbane, nimwambie haya nambie unataka nini? Siwezi, yakhe. Ntangoja mpaka wapende wenyewe."

Ya mwisho aliipata kwenye kile kisiwa kirefu kilicho mbele ya Venisi, tambarare tupu, vyumba vitatu vinavyofuatana na baraza moja linaloviunganisha, na bahari ng'ambo ya barabara. Mlangoni palikuwa na ngazi mbili, basi. Alinigeuzia simu nione. "Hii," alisema. "Hii ndiyo." Kaka akajibu kwamba ni hoteli nzuri sana, ila anamwonea huruma dada kwa zile ngazi. Dada akajibu kwamba hajaona nzuri kama ile, ila kutoka stesheni ni lazima uvuke maji kwa boti, na kaka tangu safari ile ya kuondoka Unguja boti humchafua moyo. Mziwanda akawaandikia: sawa, nitatafuta nyingine. Alifariki kabla kiangazi hakijarudi.

Nilialikwa kwenye arobaini yake, nyumbani kwake ghorofa ya tatu. Walikuja wote wawili. Viza ilipatikana, nauli ilipatikana, na ngazi zile zote walizipanda kwa magoti yao, wanapumzika kila kona. Nilipowaona wamekaa bega kwa bega kwenye kochi lake, hasira ilinipanda mpaka nikaona haya. Dua ikasomwa, halua na kahawa zikapita, na kwa kuwa siwezi kukaa kimya kama nisivyoweza kukaa kitako, nikawauliza habari ya ile hoteli ya Venisi. Dada alizungusha kikombe mkononi. "Ile ilikuwa nzuri," akasema. "Mie niliipenda siku ile ile. Lakini nikaona kaka haitaki."

Kaka akageuka kwa mwili wote. "Mimi siitaki? Picha yake ninayo mpaka leo." Akatoa simu, akaitafuta, akampa. "Nilidhani wewe ndiye huitaki, nikasema nikutafutie njia ya kutokea usije ukaona aibu." Dada aliitazama ile picha, kisha akajifunika uso kwa mtandio, na mabega yake yakaanza kutikisika.

Nikawaambia basi waende, wao wawili, hoteli haijahama. Kutoka ndani ya mtandio nikasikia, "Kama kaka atapenda." Na kaka naye, bila hata kufikiri, "Atakavyo yeye." Hapo nikavunja adabu yote niliyofundishwa. Nilisimama, katika nyumba ya msiba, mbele ya watu wazima kunizidi, nikasema kwa sauti kwamba mdogo wao amekufa akingoja neno moja kutoka kwao na hata leo hawataki kulitoa. Chumba kizima kiliniangalia. Mtu mmoja akanishika mkono niketi. Dada alishusha mtandio, akamtazama kaka yake, si mimi. "Nataka kwenda," akasema. "Na nataka vyumba vyote vitatu. Viwili sitaki."

Nilitoka nikatembea mpaka nikachoka, jambo ambalo kwangu si dogo. Watoto wetu waliozaliwa London ukiwauliza kwa Kiswahili wanakujibu kwa Kiingereza, bila kupepesa macho, kwamba wanataka hiki na hawataki kile, nasi tunasikitika kwamba hawakulelewa. Sisi tuliolelewa tunajua kumwachia mwenzetu kiti, tonge, na zamu ya kusema. Adabu hiyo naipenda, na mgeni akibisha hodi kwangu nitampokea kwa hiyo hiyo. Lakini mtu anayekupenda, anayekesha akikutafutia pa kupumzikia, ukimjibu popote tu umemtupia mzigo asioweza kuutua, na mwanamke yule aliubeba mpaka moyo ukamshinda. Usifikiri unamstahi. Akikuuliza unataka nini, mwambie, hata kama utachagua vibaya, hata kama mwenzako alitaka kwingine na mkagombana njia nzima mpaka uwanja wa ndege. Hoteli ikiwa mbaya mtakuwa mmefika pamoja, na mtapata pa kulalamikia.