Mgongo wa Bi Safiye

Nazife ameosha maiti za wanawake wa msikiti wao huku Duisburg, Ujerumani, tangu ujanani mpaka leo magoti yanamsumbua, na hajawahi kutoa siri ya maiti hata mmoja. Lakini siku alipomgeuza Bi Safiye ubavu, alitamani apige kelele wamsikie hadi juu msikitini.

Mgongo ulikuwa vidonda vitupu. Ni vidonda vya mtu aliyelazwa akasahauliwa, vingine vimechimba hadi mfupa. Kucha zimejikunja. Na huyu ana mwana! Tena si mwana wa hivi hivi: Haji Nurettin mwenye bucha, swala zote tano yuko safu ya mbele, Makka kaenda na kurudi, zulia jipya la msikiti katoa yeye. Mara ngapi Nazife alikwenda kwa huyo mwana kumtazama shoga yake, akaambiwa mlangoni, "Mama kalala"?

"Pole, dada yangu," alimwambia maiti, akimmiminia maji ya uvuguvugu taratibu, kana kwamba bado yangemuuma. "Pole. Mshenzi mkubwa yule."

Alimvisha sanda, akatoka. Nurettin alikuwa anamngoja ukumbini, tasbihi mkononi.

"Bi Nazife, Mungu akulipe. Ila... unajua mwenyewe, mwosha hufunika alichokiona."

"Nitafunika," alisema. "Kwa heshima yake yeye. Usidhani ni kwa ajili yako. Hebu nipishe!"

Uani jeneza liliwekwa juu ya meza ya mawe, wanaume mbele, wanawake nyuma. Walipomaliza kumswalia, imamu akauliza kama anavyouliza kila maziko:

"Mnamsamehe marehemu haki zenu zote?"

"Tumemsamehe!" watu wakaitika, na sauti ya Nurettin ikapanda juu ya zote, imejaa kilio.

Alaa! Hasira zikampanda Nazife kichwani. Alijipenyeza katikati ya wanaume, mtandio umemtelezea begani, wala hakujali.

"Umemsamehe nini, Nurettin?"

Shingo zikageuka. "Astaghfirullahi, mama," mtu akamnong'oneza, "si mahali pake hapa."

"Nauliza tu! Alikukosea nini? Kakuzaa, kakulea kwa kusugua vyoo vya watu. Haya, sema tusikie, alikunyima nini hata leo unamsamehe?"

Nurettin akamgeukia imamu, kama wa kumwomba aendelee.

Imamu huuliza mara tatu. Alipouliza ya pili, watu waliitika kwa sauti ndogo, na Nurettin hakuitika. Alipouliza ya tatu, Nurettin alikuwa amelikumbatia jeneza, paji la uso juu ya mbao.

"Nisamehe wewe, mama," alikuwa akisema. "Nisamehe wewe."

Nazife alikuwa karibu, akamsikia.

"Sasa?" alisema. "Sasa ndiyo unaongea naye?"