Mbegu ya Fahali wa Bigwa

Nilikuwa stesheni ya Morogoro siku mfugaji mmoja mzee wa Bigwa alipomleta fahali wake amkabidhi mchinjaji wa mjini. Kabla hajaiachia kamba, akafika Mdachi mganga wa ng'ombe pamoja na mkalimani wake. Mdachi alimpapasa fahali kuanzia pembe hadi mkia, kisha akasema huyu hachinjwi, anakwenda shamba la Serikali kupanda majike walioletwa kutoka Ulaya. Mchinjaji akanywea.

"Furahi, mzee," mkalimani akasema. "Fahali wako ataishi."

Mzee akaizungusha kamba kiganjani. "Mwanangu, mimi nimeuza nyama. Mbegu sijauza. Kwetu ugonjwa wa sotoka ulimaliza zizi zima, ukabaki ukoo huu tu."

Mkalimani akatafsiri. Askari aliyefuatana nao akasogea karibu. Mdachi akauliza mzee anataka nini basi.

"Mtamba wake wa kwanza."

Mdachi akaitikia kwa kichwa, na kamba ikatoka mkononi mwa mzee. Sisi tuliozoea ahadi za bomani tulicheka mpaka treni ikaondoka.

Masika ya pili baada ya hapo, askari yule alipita mjini akivuta mtamba wa madoa meupe kuelekea Bigwa. Nikamfuata. Mzee alimzunguka mnyama, akampapasa mgongo akitafuta nundu ya baba yake, akaipata, ndogo kama ngumi ya mtoto.

"Amefanana na wajomba zake," akasema, akifungua zizi. "Lakini ni mjukuu wangu. Mwacheni aingie."