Boti Yangu Kule Mugeta

Nyie mnaopiga soga hapo nyuma, hebu tulieni, leo sina utani. Au ninao kidogo, lakini nyongo imetangulia.

Enzi za ujamaa tulikaaga ufukoni, huku Kisorya. Mimi naogopaga maji kuliko paka, ndiyo maana nikajenga boti ya tanga ya kujifunzia. Nilionaga moja Musoma mjini, nyepesi, mwenyewe anaibeba kichwani kama kapu. Nikasema hata mimi! Plaiwudi nikabandua kwenye masanduku ya chai. Nikashona mbao kwa waya kama gunia, nikaziba na lami. Lami ile ingetosha barabara ya Musoma mpaka Butiama, na kona zake! Tanga likatoka kwenye shuka mbili za mke wangu. Hakunisemesha mpaka ng'ombe akazaa mara mbili.

Basi, kesho ndiyo naiingiza majini. Kesho! Asubuhi hiyo likaja lori, na mgambo juu yake.

"Ndugu, pandeni, mnahamia kijijini."

"Kwani hapa si kijiji?"

Mgambo akacheka. "Hapa ni mazoea tu."

Nikailalia boti yangu, nikasema bila hii siendi. Wakatupakia wote, mimi, boti na kuku. Wakatumwaga bara, upande wa Mugeta, pakavu mpaka chura akitaka kuoga anatemea mate mkononi.

Mwenyekiti wa kijiji kipya akaizunguka boti, akaigonga na fimbo.

"Ndugu, hili birika zuri. Ng'ombe wa kijiji watanywea."

"Mwenyekiti, hiyo ni boti."

"Boti ni ya ziwani. Ikifika huku ni birika. Jumatatu mkubwa wa wilaya anakuja, tutamkabidhi alizindue."

Jamani! Mimi sijapanda hata siku moja, wanywee ng'ombe! Na ng'ombe wenyewe wa nani? Wa kijiji, yaani wa kwetu, walichukuliwa juzi! Hasira niliyokuwa nayo, ningeng'oa mkonge kwa meno.

Jumatatu mkubwa anashuka kwenye gari, ananikuta katikati ya uwanja. Nimesimamisha mlingoti, tanga juu, nimekaa ndani nimeshika usukani. Upepo ukajaa, boti ikasogea hatua nzima kwenye vumbi, mbuzi wakakimbia. Mwenyekiti akaja mbio na shoka.

"Toka humo, Ndugu!"

"Sitoki! Ukikata mlingoti, anza na shingo yangu!"

Mkubwa akavua miwani, akaipangusa, akavaa tena. "Huyu mtu anasafiri kwenda wapi?"

Mimi nikazidi kukaza tanga. Ndipo bibi mmoja, tuliyepakiwa naye lori moja, akapayuka. Mkutano mzima ukaanguka kicheko, mkubwa mwenyewe akashika mbavu, shoka likashuka chini, na habari ya birika ikafia pale pale:

"Haendi popote, baba! Anangoja na ziwa lipakiwe kwenye lori lije kijijini!"