Kitabu cha Huruma Nilichokataa Kukihariri

Kabla sijawa mhariri wa vitabu vya watoto hapa Doha, nilifanya kazi kwenye shirika la misaada. Nilikuwa nimesoma Khartoum, na shirika lilimtaka mtu wa kuandika kwa Kiarabu habari za visima na madrasa zinazojengwa Afrika Mashariki, mtu ambaye akifika huko hahitaji mkalimani. Bosi wangu alikuwa mzee mpole, mwepesi wa kucheka. Nilipolazwa hospitali alikuja kunitazama kila jioni kama baba mzazi. Nilipohamia kampuni ya uchapishaji aliniambia, "Binti yangu, ipo siku nitakuletea kitabu."

Akaleta kweli. Alikuwa amestaafu, na ameandika hadithi ya mfanyakazi wa ndani aliyetoka Afrika Mashariki. Shirika lingegharamia uchapaji, sisi tungekitoa, nacho kingegawiwa bure mashuleni ili watoto wafunzwe huruma. Meneja wangu, mwanamke hodari aliyenifundisha kazi ya uhariri, aliniwekea mswada mezani.

"Nimekupa wewe makusudi," alisema. "Hawa ni watu wenu."

Nilisoma mara moja, nikarudia. Kila aliyekuwemo katika nyumba ile ya hadithi alikuwa na jina, hata paka. Mfanyakazi hakuwa nalo. Alikuwa "khadama", yaani mtumishi, tangu mwanzo hadi mwisho. Na maneno aliyotiwa kinywani! "Mimi pika wali. Wewe kula. Mama furahi." Kiarabu kilichovunjwa kusudi, baba anasemeshwa kwa vitenzi vya kike na mama kwa vya kiume, ili msomaji mdogo acheke. Mwishoni mtoto mwema anampa gauni kuukuu la mama yake, naye anapiga magoti na kulia kwa shukrani.

Mama yangu mdogo alifanya kazi za ndani Umm Salal, nje kidogo ya Doha, mpaka watoto aliowalea wakaoa. Kiarabu cha kwanza cha mazungumzo nilichokisikia maishani nilikisikia kwake, alipokuja likizo Unguja, akigombana kwenye simu na mtoto wa bosi wake aliyekataa kwenda shule. Aligombana kwa ufasaha. Yule mtoto alikwenda shule.

Nikaingia ofisini kwa meneja.

"Ustadha, huyu mbona hana jina?"

"Anawawakilisha wote."

"Na paka je, hawawakilishi paka wote?"

Hakucheka. "Dada yangu, ndivyo wanavyozungumza. Tusiwadanganye watoto."

"Mimi nazungumza hivyo?"

"Wewe ni tofauti."

Nimeambiwa hivyo mara nyingi katika mji huu, na kila anayeniambia husubiri nimshukuru. Nilitoka kabla sijapiga kelele.

Nyumbani, Fereej Bin Mahmoud, ninaishi na nesi wa Kenya. Nilimfasiria hadithi akiwa anapiga pasi yunifomu yake. Nilipofika mahali pa gauni akasimamisha pasi.

"Wee! Ati anapewa rinda mzee na analia? Hiyo si huruma, hiyo ni matusi. Huyu mama hana simu? Hana watoto wake anaongea nao?"

Ijumaa nzima nikaandika upya. Nilimpa yule mama jina, nikampa Kiarabu kilichonyooka chenye lafudhi ya kwao, na simu. Katika hadithi yangu mtoto wa nyumba anamkuta akicheka na binti yake kwenye simu, anaona wivu, kisha anauliza yule ni nani. Basi, ni hilo tu. Nikampelekea mzee.

Alinipigia akiwa amekasirika kwa upole wake uleule. "Binti yangu, umeandika kitabu kingine. Changu ni cha huruma."

"Huruma kwa nani, ustadhi? Yeye amewekwa kuchekwa."

"Watoto wakicheka, wanapenda."

"Basi ondoa jina langu. Sikihariri."

Kikapewa mhariri mwingine. Kikachapwa, michoro yake mizuri, karatasi nzito.

Uzinduzi ulifanyika katika shule moja huko Umm Salal, siku ya familia, nami nikatumwa na maboksi kwa kuwa watu wa mauzo walikuwa wachache. Mzee alisoma jukwaani. Watoto walicheka palepale alipotaka wacheke. Nyuma ya ukumbi walisimama akina dada wa kazi waliowaleta, wameshika mabegi na chupa za maji. Msichana mmoja aligeuka akamwambia dada wake, kwa sauti, "Wewe kula! Mama furahi!" Yule dada hakutabasamu wala hakununa. Alifunga zipu ya begi, akaifungua, akaifunga tena.

Mzee alipouliza kama kuna swali, nikanyoosha mkono. Meneja alinitazama kwa macho makali.

"Ustadhi, mama huyu anaitwa nani?"

"Hatukumpa jina," alisema.

Nikawageukia watoto. "Na wenu nyumbani wanaitwa nani?"

Ukumbi ulilipuka. Walipiga makelele ya majina, ya Kiswahili, ya Kifilipino, ya Kihindi, wakisimama juu ya viti ili wasikike. Mvulana mmoja alitaja la dada wake na la kijiji anakotoka dada huyo, na kwamba mwanawe ni golikipa. Mzee alisubiri wanyamaze, kisha akaendelea kusaini vitabu.

Kwenye maegesho aliniambia, "Umeniaibisha mbele ya watoto."

"Mimi niliuliza tu. Waliokujibu ni wao."

Mkataba wangu haukuongezwa. Meneja alisema bajeti imepungua, akaajiri mtu mwingine kabla sijamaliza kutoa vitu vyangu. Sasa niko katika shirika jingine dogo la misaada, mtaa wa Al Sadd, naandika yaleyale ya visima.

Juzi kililetwa kifurushi ofisini, toleo la pili la kitabu kile. Nilifungua nikiwa nimesimama. Wamempa jina. Liko hadi kwenye jalada, kwa herufi za dhahabu. Ndani bado anasema, "Mimi pika wali." Bado analia juu ya gauni.

Simu ikaita, mzee.

"Umekiona?" Sauti yake ilijaa furaha. "Nilikusikiliza, binti yangu."

Nikakata.