Kitanda cha Shangazi Chamrudisha Mama Chaki Kazini

Saa moja na nusu asubuhi, Mama Chaki anatandaza kitambaa cha bluu juu ya meza ndefu, tabaka juu ya tabaka. Anachora kwa chaki, anashika mkasi, anakata bila kuinua kichwa. Mwanzoni hataki stori na mtu.

Katika karakana hii ya kushona sare, kila mtu alijua Mama Chaki angeaga mwezi huu. Ana miaka hamsini na miwili, na aliomba mwenyewe kustaafu mapema. Kwa miaka kumi na minne amekuwa akitoka kazini na kuingia zamu nyingine ya kuuguza nyumbani: kwanza mama yake aliyepooza, kisha mama mkwe, kisha mume, aliyezikwa mwaka jana.

"Nilitaka kulala mchana," anasema. "Basi. Nilale, asiniite mtu."

Ndugu zake waliposikia, walifurahi kupita kiasi. Wiki iliyopita alirudi nyumbani akakuta makochi yamesukumwa ukutani na kitanda kimefungwa katikati ya sebule. Shangazi yao, ambaye hawezi tena kusimama peke yake, angeletwa Jumamosi. Aliyekifunga ni kaka yake mkubwa, aliyeachiwa ufunguo wa akiba, mwenye vyumba vitano na watoto watatu wazima wanaoshinda kwenye simu.

"Kaka, mbona hamkuniuliza?"

"Dada, si unaacha kazi? Halafu wewe umeshazoea."

Neno hilo bado linamchemsha damu. "Nani anazoea kumgeuza mtu mzima kitandani? Mgongo wangu haujazoea. Walikuwa wanakuja, wanapiga picha na mgonjwa, wananiambia Mungu atanilipa. Wao hawana mikono?"

Kesho yake alikata mikono ya mashati huku hasira zimempanda, akasahau kugeuza kigezo cha karatasi. Rundo zima likatoka mikono ya kulia tu. Ni kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Msimamizi, ambaye ni shoga yake wa siku nyingi, hakumgombeza. Alivuta kiti.

"Shoga, una nini?"

Akamweleza yote.

"Sasa ukistaafu, utapumzikia wapi?"

Mama Chaki aliweka mkasi mezani. Siku hiyohiyo alikwenda ofisini akafuta ombi lake. Ijumaa alikodi gari la mizigo, kitanda kikashushwa mlangoni kwa kaka, na Jumamosi shangazi akapelekwa hukohuko. Kaka amenuna mpaka leo, na ukoo mzima unasema dada yao ana roho mbaya.

"Waseme. Miaka kumi na minne sikumsikia hata mmoja akisema nina roho nzuri."

Atafanya kazi mpaka afikishe sitini, na kufuli la mlango ameshabadilisha. Anampenda shangazi yake, na hilo ndilo linalomuuma, kwani ndiye aliyemfundisha kushika sindano.

"Jumapili nitakwenda kumwona," anasema, akipuliza vumbi la chaki mezani. "Nitakaa kwenye kochi la kaka, niletewe chai. Ikifika saa ya kumbadilisha nguo, nitaaga niende zangu."