Kinyoya cha Katikati

Jumapili, tarehe ishirini na mbili. Asubuhi jua zuri, hata nguo za Mama zikakauka kwenye ua kabla ya saa sita. Saa nane mvua ya mawe ikashuka, na majani chai huku kwetu Itumbe yametoboka kama kitambaa kilicholiwa na mende.

Naandika nikiwa bado na hasira kidogo, kwa hivyo nikimsema mwenzangu vibaya nitajirekebisha. Mwenzangu ni yule ninayecheza naye badminton, wawili kwa wawili. Miaka sita sasa hiyo ndiyo kazi yangu. Yeye ni mtoto wa mjini Kisii, Mwislamu, kwao wanauza vitambaa. Mimi ni wa shambani, Msabato, niliishia darasa la nane. Watu husema tunaelewana kama mapacha. Sijui. Labda mapacha nao hufichana.

Shaka langu halikuanza leo. Wiki tatu zilizopita kocha wetu, mwalimu mstaafu ambaye salamu yake ni "umechelewa", alinisimamisha mlangoni akaniuliza chai ya Mama inaendeleaje. Nikasema inaendelea vizuri. Moyoni nikasema, huyu mzee ananihurumia nini? Halafu mwenzangu akaacha kuniuliza habari za Sabato. Zamani kila Jumapili alikuwa akisema, "Haya dada, mhubiri jana amemchoma nani?" Sasa anafunga viatu kimya. Simu yake anailaza kifudifudi kwenye benchi. Kwa haki niseme kwamba hata mimi yangu nailaza hivyo, watu wasione kioo kilivyopasuka.

Leo tulicheza dhidi ya wasichana wawili ambao kocha huwaalika mazoezini kila Jumapili. Mmoja ni mashoto wa Kenyenya, mrefu, mkono wake wa kushoto unapiga kama mtu anayepasua kuni. Mawe yalipoanza kupiga mabati ya ukumbi hatukusikiana tena. Siku zote tunaitana, "Yangu!" "Acha!" Leo kila mmoja alibaki na mazoea ya mwili wake, na hapo ndipo nikaona.

Nieleze polepole. Mimi na yeye wote tunatumia mkono wa kulia. Tukisimama ubavu kwa ubavu, yeye hukaa kushoto, mimi kulia. Kinyoya tunachokipiga kikija katikati yetu ni chake, maana mkono wake wenye nguvu uko huko tayari. Miaka sita hatujawahi kuongea juu ya hilo. Leo kikaja, akakiacha. Kikaanguka. Nikadhani ni kelele. Kikaja cha pili, akakiacha tena, akasogea pembeni kabisa kumpisha mtu. Cha tatu vilevile. Aliviacha kama mtu aliyezoea kuwa upande wangu kuna mkono mwingine wenye nguvu unaongoja pale katikati. Na anayeweza kuwa na mkono huo akisimama mahali pangu ni mashoto peke yake.

Nikatazama ng'ambo ya wavu. Yule mashoto alikuwa anaangalia viatu vyake. Na siku ambayo mimi sipo ukumbini ni moja tu, Jumamosi, Sabato yetu.

Mvua ilipopungua tulikaa kwenye benchi.

"Jumamosi unacheza na mashoto," nikamwambia. Sikuuliza.

Aliendelea kufunga bandeji kwenye goti. "Nani amekuambia?"

"Wewe. Mara tatu, pale katikati."

Akapatazama pale sakafuni kama ataona alama. "Mchujo wa timu ya kwenda Kampala wameuweka Jumamosi ijayo," akasema. "Asubuhi mpaka jioni. Kocha aliwaandikia wabadilishe, wakakataa."

"Mmejua lini?"

"Wiki tatu."

"Mkaninyamazia."

"Ningekuambia ungefanya nini, dada? Ungecheza. Kama ile mara nyingine."

Ile mara nyingine ni mwaka juzi, nusu fainali, mchana wa Sabato. Nilicheza kwa sababu yeye aliniomba. Tulishinda. Kanisani nikatolewa kwenye kwaya, na hilo nililitarajia. Mama hakunigombeza hata kidogo. Alianza tu kulia chakula chake jikoni, peke yake, mpaka mvua ya msimu huo ikaisha. Mwenzangu alipokuja kusalimia, Mama alimpa kiti, akampa chai, akaenda kuchuma majani.

"Kwa hivyo umenihurumia," nikasema.

"Hapana. Nataka kwenda Kampala. Na sitaki omong'ina, mama yako, anipe chai ya namna ile tena. Yote mawili."

Nilitaka achague moja ili nijue hasira niiweke wapi. Lakini niwe mkweli: Ramadhani yeye hucheza na njaa na kiu, na hajawahi kuniambia nipunguze mwendo. Mwenye siku moja asiyoweza kucheza ni mimi.

"Umempa na ishara zetu?"

Mchezaji anayeanzisha huficha mkono nyuma ya mgongo, akamwonyesha mwenzake kwa vidole atakipeleka kinyoya wapi. Kila jozi ina ishara zake.

"Za vidole, ndiyo. Kwani tungechezaje?"

"Na kidole gumba?"

"Hicho hapana."

Kidole gumba hata kocha hakijui. Kwetu maana yake ni: goti limekataa, nifunike, usiniulize kitu. Tulikianzisha mwaka ule alipoumia na akaogopa kuachwa nje.

Sikumwamini. Nasikitika kuandika hivyo, lakini sikumwamini. Kwenye foleni ya bomba, nje ya ukumbi, nilijiweka mbele ya mashoto, nikapeleka mkono nyuma ya mgongo, nikainua kidole gumba. Nikangoja.

"Dada," akasema, "kidole kimefanya nini? Umeumia?"

Maji yakafurika kwenye chupa yangu.

Nilisimama pale nikafikiria jambo ambalo ni lazima niliandike. Nikinyamaza, Jumamosi katika seti ya tatu goti litakataa, kidole kitainuka, na hakuna atakayekisoma. Watashindwa. Hatakwenda Kampala na mashoto, atabaki na mimi. Nililifikiria mpaka mwisho, sikulikimbia. Lilikuwa tamu kidogo.

Halafu nikageuka. "Akikuonyesha hivi," nikamwambia mashoto, "kimbia mbele na nyuma peke yako pointi mbili tatu. Usimwangalie goti. Usimwulize mbele ya watu. Na vya katikati vyote, chukua wewe."

Akajaribu kidole chake nyuma ya mgongo, akakikosea, nikamshika mkono nikamwelekeza.

"Na wewe utacheza na nani?"

"Jumapili niko."

Sijui kama nilifanya hivyo kwa wema, au nilitaka ajue kwamba kuna vitu nilikuwa navyo kabla yake. Mwenzangu alituona kutoka mlangoni. Hakusema asante, na mimi sikutaka aseme. Aliniuliza tu, "Mhubiri jana amemchoma nani?" Nikamwambia, wenye wivu. Akacheka kwa pua. Bado simwamini sawasawa, labda wiki ijayo.

Nilipofika nyumbani Mama alikuwa anaokota majani ya migomba yaliyovunjwa na mawe. Nikamwambia mchujo ni Jumamosi na siendi, mwenzangu anacheza na mwingine. Akaweka majani chini ya kibanda cha ng'ombe, akapangusa mikono.

"Mm," akasema. Kisha: "Na lile goti la yule msichana, limepona?"

"Bado."

"Ajapo mwambie apite hapa. Nitamchemshia chai yenye maziwa."

Jioni tulikula ugali wa wimbi na chinsaga, mboga yetu chungu ya kienyeji, iliyobaki ya Ijumaa, Mama ameipasha na maziwa mpaka uchungu ukaisha. Alikula mezani.