Bili ya Mwisho ya Laini ya Baba

Baba hakupenda vocha. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, na kila alipokwangua alikwangua mpaka namba zenyewe zikafutika. Kwa hiyo nilipoanza kazi ya ualimu mjini Tabora nikamchukulia laini ya mkataba kwa jina langu: yeye aongee, bili ije kwangu mwisho wa mwezi. Nilimwambia, "Baba, wewe piga tu."

Naye alipiga. Alikuwa mrina asali, na katika misimu ya kazi alikaa porini hata wiki tatu, mizinga yake ikiwa kusini huko, mbali na nyumbani kwetu Ntalikwa. Kila siku saa sita mchana alipanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao, akampigia mama. Maneno yao hayakuwa mengi. Umekula? Kuku wazima? Haya. Mimi nilikuwa nikimcheka mama kwamba anapigiwa simu ya kuulizwa habari za kuku.

Baba alifariki mwezi wa kwanza, kitandani kwake, baada ya kuugua siku nne. Tukamzika pembeni ya shamba, kwaya ya kanisa ikaimba, watu wakatawanyika. Mimi nikarudi mjini, Ipuli, kwenye chumba changu na shule yangu. Laini sikuikata. Kila mwezi ujumbe wa bili ulikuja, kiasi ni kilekile, nami nililipa bila kusoma. Ningeulizwa sababu nisingeweza kuieleza. Niliona tu kwamba kuikata ni kama kumwambia baba atoke.

Mwezi wa kumi, ada ya mdogo wangu wa mwisho ilinibana, nikaamua. Nilikwenda kwenye duka la kampuni ya simu mjini, nikajaza fomu. Dada wa huduma akanieleza kuwa kuna mwezi mmoja wa notisi, kisha laini itafungwa na nitaletewa bili ya mwisho. Nilitia sahihi, nikatoka haraka.

Bili ya mwisho ilipokuja ilikuwa karibu mara mbili ya ile niliyozoea kulipa.

Nilirudi dukani siku hiyohiyo baada ya vipindi, hasira zimenijaa.

"Dada, hii si haki," nilimwambia yule wa huduma. "Mwenye simu amekufa tangu mwezi wa kwanza. Hakuna anayeitumia. Hizi dakika zilizozidi kifurushi zimetoka wapi?"

Aliniangalia kwa huruma. "Pole sana, mwalimu. Ngoja nikutolee orodha ya simu zilizopigwa mwezi huu wa mwisho. Inawezekana simu imeibwa. Ikiwa hivyo utakwenda kuchukua taarifa polisi, utuletee."

Mashine ikatoa karatasi tatu. Alizigeuza upande wangu. Safu nzima, kutoka juu hadi chini, ilikuwa na namba moja tu iliyopigiwa. Nyingi zilikuwa simu za dakika moja, za dakika mbili. Zote saa sita mchana, au saa sita na dakika chache. Katikati ya ukurasa wa pili palikuwa na simu moja ya dakika arobaini na mbili, na chini yake chache za dakika kumi na kitu.

"Unaijua hii namba?" aliuliza.

Niliijua kwa moyo. Ilikuwa ya mama.

"Naijua," nilisema. "Haina shida. Nitalipa." Nikakunja zile karatasi, nikaziweka kwenye mkoba, nikamshukuru. Nadhani alishangaa jinsi hasira zilivyoniisha.

Jumamosi nilichukua bodaboda hadi Ntalikwa. Nilimkuta mama barazani, kakaa kwenye mkeka, anabangua karanga za mbegu. Joto lilikuwa lile la kabla ya mvua, hewa imesimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona leo bila kuniambia? Kuna msiba?"

"Hakuna." Nikavua viatu, nikakaa, nikachukua karanga nami nikaanza kubangua. Sikujua pa kuanzia. Mwishowe nikauliza, "Mama, simu ya baba iko wapi?"

"Iko sandukuni, pamoja na koti lake."

"Imekaa huko muda wote?"

Vidole vyake vikasita. Hakuwa mtu wa kusema uongo, na hata alipojaribu uso wake ulimsaliti. "Wamekuletea nini?" aliuliza.

Nikatoa zile karatasi. Hakuzichukua, kwa sababu hakuwa na miwani, lakini alizitazama kwa mbali kama anayetazama nyoka aliyekwisha kufa. Kisha akanieleza, taratibu, bila kuacha kazi ya karanga.

Arobaini ya baba ilipopita, alisema, saa sita mchana ilimshinda. Asubuhi aliiweza, ina kazi. Jioni aliiweza, majirani hupita. Lakini saa sita masikio yake yalikuwa yanasubiri. Siku moja akaitoa ile simu sandukuni, akaichaji kwa sola, akabonyeza namba yake mwenyewe. Simu yake ikalia juu ya kigoda, na kwenye kioo likatokea lile jina ambalo baba mwenyewe aliliandika: Mwenzangu.

"Nikaacha ilie mara tatu," mama alisema. "Maana ningepokea haraka angenisema. Alikuwa akiniuliza, 'Kwani ulikuwa umekalia simu?'" Akacheka kidogo. Mimi nikashindwa kucheka.

"Halafu ukapokea?"

"Nikapokea. Nikamwambia nimekula. Kuku wazima. Nikakata."

"Mama, lakini upande wa pili..."

"Najua hakuna mtu. Mimi si mwendawazimu. Simu yake iko hapa pajani, naiona." Alipeperusha maganda kutoka kwenye khanga. "Bibi yangu alikuwa akituhadithia habari za wanawake wa zamani, waume zao walipobeba pembe za ndovu kwenda pwani. Mwaka unapita, wa pili unapita, mwanamke hajui kama ni mke au mjane. Hana wa kumwambia hata kwamba mtoto ameota jino. Mimi nikasema, wale hawakuwa na simu. Mimi ninayo."

Nikamuuliza kuhusu ile ya dakika arobaini na mbili. Nilimsomea tarehe. Hakuhitaji kufikiri.

"Siku ile wameleta barua ya posa ya mdogo wako anayekufuata," alisema. "Ningemweleza kwa dakika moja? Nilimtajia waliokuja, mmoja mmoja. Nilimwambia mshenga wao anaongea mno. Nilimwambia mjomba wako kataka ng'ombe wengi, nami sikupenda, tusije tukamuuza mtoto. Nikanyamaza kidogo ili na yeye afikiri. Siku zilizofuata tuliendelea, mpaka jambo likatulia."

Kumbe hizo ndizo dakika zilizozidi.

Nilisoma nyingine, naye akakumbuka karibu zote. Hii, jogoo mwekundu kachukuliwa na kicheche. Hii, mguu umevimba, lakini usimwambie mtoto. Hapo nikamtazama mguu, naye akauvuta chini ya khanga. Nilikuwa nimetoka Ipuli nikiwa na madai, sasa nimekaa nasikiliza mwezi mzima wa maisha ya mama yangu ambao hakunisimulia mimi.

Kisha akasema, "Tatizo, ile simu imeharibika. Mwisho wa mwezi uliopita nilibonyeza, haikuita. Nikaipeleka kwa fundi pale senta. Akaifungua, akaniambia, bibi, simu ni nzima, laini ndiyo imekufa." Alichukua karanga nyingine. "Nikasema basi. Kumbe ndiyo hivyo."

Ilinibidi nimwambie kwamba ni mimi niliyeikata. Niliongea nikiangalia karanga. Hakunilaumu. Alisema tu, "Ungejuaje?" na neno hilo liliniuma kuliko kama angenigombeza.

Jumatatu nilikuwa dukani kabla hawajafungua. Nilimwomba yule dada wa huduma anirudishie ile namba, hata kama ni kwa laini ya vocha, hata kama kwa gharama mara mbili. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema ningekuja kabla ya notisi kuisha ingekuwa rahisi. Sasa mkataba umefungwa na namba imerudi kwa kampuni. Aliandika ombi hata hivyo, akalipigia mhuri. Nikalipa bili yote, nikapewa risiti.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, ujumbe mfupi kwenye simu yangu. Ombi halikuwezekana.

Siku hizo nilifikiri sana juu ya jambo moja. Mimi ndiye niliyekuwa nikilipa. Miezi yote kumi baba alikuwa na namba inayoita, na sikuwahi kuipiga hata mara moja. Niliogopa kuisikia ikiita bila kupokewa. Kama ningepiga, yumkini mama angepokea, na tungekuwa wawili katika ile saa sita. Nilikuwa na mengi ya kumwambia baba. Kwamba nilihamishiwa darasa la watahiniwa. Kwamba asali ya dukani haina ladha. Sasa nikiwa ofisini na kengele ya saa sita ikalia, mkono wangu unakwenda kwenye simu wenyewe.

Nilirudi Ntalikwa kumpa mama lile jibu ana kwa ana. Alitikisa kichwa polepole.

"Kwa hiyo watampa mtu mwingine?"

"Baada ya muda, ndiyo."

"Haya. Mungu amjalie awe na wa kumpigia."

Nilimuuliza kama anataka nimwekee laini nyingine kwenye ile simu. Akasema hapana, hiyo itakuwa simu ya kawaida tu. Mawingu yalikuwa yamefunga upande wa kusini, upepo umeanza kuinua maganda ya karanga barazani. Mama alisimama kwa shida, akishika ukuta, mguu bado umevimba. "Nishikie hili gunia," alisema, "mbegu zisilowe." Tukalishika pande mbili, tukaliingiza ndani.